Kwa nini gari lenye tairi kubwa hutetemeka kwenye lami, na nini kikaguliwe kwanza

Porini tatizo halionekani. Gari linapanda mawe, linavuka korongo, linatoka kwenye tope, na dereva anayasifu matairi yake. Shida huanza likirudi barabara kuu. Mshale wa spidi unapita 70, unagusa 80, na usukani unaanza kucheza mikononi. Ukifika 90 vioo vinatetemeka, chupa za maji zinagongana, na abiria wa nyuma wanaanza kuangaliana.

Wanaoijua hali hii zaidi ni madereva wa magari kama Land Cruiser na Hilux, ambayo kazi yao ni huku na huku: lami na pori. Mfano mzuri ni njia ya watalii kaskazini mwa Tanzania. Kutoka Arusha kupitia Makuyuni, Mto wa Mbu na Karatu hadi lango la Lodoare la Ngorongoro, gari linatembea kwenye lami. Kutoka hapo kwenda Serengeti ni vumbi, mawe na barabara yenye mawimbi kama bati. Gari ni lile lile, matairi yale yale, safari moja.

Mtetemo ukianza, wengi hufanya moja kati ya mambo mawili. Kuna wanaosema "haya ni matairi ya matope, ndivyo yalivyo," na safari inaendelea. Wengine hukimbilia balansi, wanalipia leo, wanalipia tena wiki ijayo, na usukani bado unacheza.

Wote wanakosea. Tairi kubwa la meno makubwa litavuma kwenye lami, hilo ni kawaida yake. Kutikisa gari si kawaida yake. Na balansi ni hatua moja tu kati ya kadhaa, tena si ya kwanza.

Tairi kubwa lina tofauti gani?

Kwanza ni zito. Mpira wake ni mnene, meno yake ni marefu, na mara nyingi kuta zake zimeongezewa nguvu ili zisichanwe na mawe. Kadiri tairi linavyokuwa kubwa na zito, ndivyo ilivyo vigumu kulitengeneza likawa duara kamili na lenye uzito sawa pande zote.

Pili, uzito mwingi uko mbali na katikati, na hapo ndipo kasi inapoleta balaa.

Chukua tairi la 235/85R16, saizi inayoonekana sana kwenye Land Cruiser za kazi. Kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, tairi hilo huzunguka karibu mara 11 kila sekunde. Sasa fikiria tope kavu la gramu 100 tu limegandia upande mmoja ndani ya rimu. Kwa mwendo huo, tope hilo dogo linalivuta gurudumu kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 10. Linavuta juu, mbele, chini, nyuma, mara 11 kwa sekunde, bila kupumzika.

Kwa mwendo wa 50, tope hilo hilo linavuta kama kilo mbili na nusu tu. Mwendo ukizidi mara mbili, nguvu inazidi mara nne. Ndiyo maana gari hutulia likiwa linapita kijijini, kisha likapagawa baada ya kibao cha mwisho wa 50.

Mtego wa "ukikimbia zaidi unatulia"

Kuna madereva wamegundua kwamba gari hutetemeka kati ya 80 na 95, halafu likivuka hapo usukani unatulia. Wanajifunza kukanyaga mafuta ili wapite eneo la kero.

Hapo kinachotokea ni kama kusukuma bembea. Ukisukuma kwa mpigo unaolingana na bembea yenyewe, inaruka juu sana. Ukisukuma haraka kuliko mpigo wake, inachezacheza tu. Gari nalo, pamoja na springi na usukani wake, lina mpigo wake. Gurudumu likizunguka kwa mpigo huo, mtetemo unakuwa mkubwa. Likivuka, dereva hausikii vizuri.

Lakini nguvu inayopiga beringi, bushi na maungio ya usukani haijapungua. Imeongezeka, kwa sababu mwendo umeongezeka. Dereva amenunua utulivu wa mikono kwa kuchakaza gari na kujiweka kwenye mwendo ambao likitokea la kutokea, nafasi ya kuokoa ni ndogo.

Mtetemo unasikika wapi?

Kabla ya kufungua spana, dereva aweze kumjibu fundi maswali matatu: unasikika wapi, kwenye mwendo gani, na ukifanya nini?

Usukani ukicheza, mara nyingi tatizo liko magurudumu ya mbele. Ukisikika zaidi kwenye kiti na sakafuni, macho yaelekezwe magurudumu ya nyuma au propela.

Ukitokea pale tu breki inapokanyagwa, wa kushukiwa kwanza ni diski au ngoma za breki. Ukija wakati wa kuvuta mafuta na kuondoka mguu ukiachia, propela na maungio yake yakaguliwe, hasa kama gari limeinuliwa juu kwa springi ndefu, maana kuinua gari hubadilisha pembe ya propela.

Ukianza kwenye mwendo mdogo, kama 20 au 30, gari likawa linapandishwa na kushushwa, huenda rimu imepinda au tairi limevimba baada ya nyuzi zake za ndani kuachia. Tairi lenye uvimbe halina matengenezo. Linatolewa barabarani siku hiyo hiyo.

Na kama ni mvumo tu unaopanda na kushuka kulingana na mwendo, bila kitu chochote kutikisika, hayo ni meno yanaongea na lami.

Hatua ya 1: Maji na brashi

Hii karibu haina gharama, na ndiyo inayorukwa zaidi. Wakati wa masika, udongo mweusi hunata ndani ya rimu, upande usioonekana ukiwa umesimama nje ya gari. Ukikauka, unakuwa kama saruji.

Kuosha gari kwa nje hakutoshi. Maji yapigwe upande wa ndani wa kila rimu, kisha mtu apitishe mkono au brashi kuhakikisha hakuna bonge lililobaki. Mawe yaliyokwama katikati ya meno nayo yatolewe. Gari likitoka porini, hii ifanyike kabla ya kuingia lami ndefu, au angalau kituo cha kwanza chenye maji.

Hatua ya 2: Upepo

Kupunguza upepo kwenye mchanga au tope ni mbinu sahihi. Kosa ni kusahau kuurudisha. Tairi lenye upepo mdogo hukunjwa kila linapogusa lami, linapata joto, linayumba, na likiendelea hivyo kwa mwendo mkubwa linaweza kupasuka.

Upepo upimwe asubuhi matairi yakiwa ya baridi, maana baada ya safari kipimo hupanda chenyewe. Namba za kuanzia ziko kwenye kibandiko cha gari, mara nyingi kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Lakini namba hizo ni za tairi lililokuja na gari. Ukibadilisha saizi, zinahitaji kurekebishwa kulingana na uzito ambao tairi jipya linabeba.

Mafundi wana kipimo rahisi cha chaki. Unachora mstari mnene kukatiza meno ya tairi, kutoka ukingo hadi ukingo, kisha gari linaendeshwa mita chache kwenye lami iliyonyooka. Chaki ikifutika katikati tu, upepo umezidi. Ikifutika pembeni tu, upepo ni mdogo. Ikifutika sawasawa, uko karibu na penyewe. Kipimo hiki hakichukui nafasi ya geji, ila kinasaidia.

Kuna jambo jingine. Gari likikaa siku nyingi limesimama na mzigo, sehemu ya tairi inayogusa chini hubonyea. Mtetemo wa aina hiyo huisha baada ya kutembea kilomita kadhaa na tairi kupata joto. Usipoisha, sababu ni nyingine.

Hatua ya 3: Gurudumu limefungwaje?

Gurudumu linaweza kuwa zima kabisa na bado likatikisa gari kwa sababu halijakaa katikati. Kutu na udongo kati ya rimu na habu vinatosha kuliweka upande. Sehemu hiyo isuguliwe kwa brashi ya waya kila gurudumu linapotolewa.

Nati nazo zina kanuni. Rimu nyingi za chuma zinataka nati yenye ncha ya koni. Rimu nyingi za aloi za Toyota zinazotoka kiwandani zinatumia nati yenye washa bapa. Ukichanganya, gurudumu halikai mahali pake, na nati zinaweza kulegea.

Kukaza kusiende kwa mzunguko. Kazwa moja, rukwa moja, hadi zote ziwe zimekamata sawasawa gurudumu likiwa bado hewani. Kisha jeki ishushwe na zimaliziwe kwa spana ya kipimo. Baada ya kilomita 50 hadi 100, zikaguliwe tena. Gari linalotetemeka lina tabia ya kulegeza nati, na nati zilizolegea zinaongeza mtetemo. Mwisho wa mchezo huo ni gurudumu kuchomoka.

Rimu za kununua baadaye zina mtego wake: tundu la katikati likiwa kubwa kuliko habu, kunahitajika pete ya kujazia ili rimu ikae katikati. Spesa za kutanua magurudumu nazo zikaguliwe kama hazijapinda wala kulegea.

Hatua ya 4: Sasa balansi

Baada ya hayo matatu, balansi ina maana. Lakini iwe balansi ya kweli.

Mashine yenyewe iwe na uwezo wa kubeba gurudumu zito. Vipande vya uzito viwekwe ndani na nje ya rimu. Ukiweka upande mmoja tu kwa ajili ya mwonekano, gurudumu pana linaweza kuacha kurukaruka lakini likaendelea kuyumba kulia na kushoto. Na vile vya kunata viwekwe kwenye chuma kilichosafishwa na kukauka, la sivyo tope la safari inayofuata litaondoka navyo.

Kuna ukaguzi mmoja ambao mteja ana haki ya kuuomba. Mashine ikishasoma sifuri, gurudumu lilegezwe, lizungushwe nusu mzunguko pale pale kwenye mashine, likazwe na kupimwa upya. "Fundi, lizungushe nusu tulipime tena," inatosha. Namba zikibaki karibu na sifuri, kazi ni nzuri. Zikiruka, gurudumu halikukaa katikati ya mashine, na vipande vyote vilivyowekwa vimewekwa kwa hesabu ya uongo.

Maji ndani ya tairi pia huharibu balansi. Kompresa isiyotolewa maji mara kwa mara huyasukuma ndani pamoja na upepo. Dawa ya maji ya kuziba pancha inafanya hivyo hivyo: inajikusanya chini gari likisimama, kisha inachezacheza likianza kutembea. Tairi lenye kitu cha maji ndani litaipa mashine jibu tofauti kila likipimwa.

Hatua ya 5: Balansi ni sifuri, gari bado linatetemeka

Hapa ndipo pesa nyingi hupotelea. Balansi inapima uzito. Haipimi kama tairi ni duara.

Yai linaweza kubalansiwa likasoma sifuri, lakini likiviringishwa sakafuni litadunda. Tairi kubwa likiwa na kilima kidogo upande mmoja, au ukuta wake ukiwa mgumu zaidi sehemu moja, litalipandisha gari kila mzunguko, hata vipande vya uzito vikijaa rimu nzima.

Njia ya gereji ya kawaida ni hii. Gari linapigwa jeki na kuwekewa stendi imara. Utepe wa gundi unazungushwa juu ya meno ili kupata mstari mmoja usiokatika. Kitu chenye ncha, kama waya au bisibisi juu ya tofali, kinasimamishwa karibu na utepe bila kugusa. Gurudumu linazungushwa taratibu kwa mkono huku mtu akiangalia pengo. Pengo likipanuka na kufinyika waziwazi, tairi au rimu si duara. Kipimo hicho kirudiwe kwenye ukingo wa rimu, ili ijulikane mkosaji ni nani kati ya wawili hao.

Mara nyingi kila mmoja ana kasoro ndogo, na zimekutana upande mmoja. Dawa yake ni kulitoa tairi kwenye rimu, kulizungusha nusu, na kulifunga upya ili kilima cha tairi kikutane na bonde la rimu. Ndiyo sababu baadhi ya matairi mapya yana nukta za rangi ubavuni. Kwa kawaida nukta nyekundu inaonyesha sehemu iliyo juu au ngumu zaidi, na hukutanishwa na alama ya sehemu ya chini ya rimu kama ipo. Nukta ya njano inaonyesha sehemu nyepesi, na huwekwa usawa wa valvu. Fundi anayezijali nukta hizo anajua kazi yake.

Dalili nyingine ni idadi ya vipande. Gurudumu moja likidai uzito mwingi kuliko wenzake watatu, lisijazwe tu. Litolewe na kuzungushwa kwanza. Kuna mashine za kisasa zenye roli linaloligandamiza tairi kama barabara inavyofanya, na hizo huonyesha ugumu usio sawa ambao macho hayaoni.

Hatua ya 6: Chini ya gari

Tairi kubwa haliharibu tu, linafichua. Bushi iliyochoka ambayo ilivumilia tairi dogo la kiwandani haiwezi kuvumilia kubwa.

Gari likiwa kwenye jeki, gurudumu lishikwe juu na chini, litikiswe, kisha kulia na kushoto. Likicheza, beringi za magurudumu, kingpini, boljointi na tairodi zikaguliwe. Shokapu zilizokufa huliacha tairi lirukeruke, na meno yake yanaliwa kwa mabaka. Hayo mabaka yakishatokea, yanatengeneza mtetemo wao wenyewe hata baada ya shokapu mpya.

Usukani ukianza kupiga kwa nguvu

Magari yenye ekseli ngumu mbele, kama Land Cruiser za mfululizo wa 70, yana hatari yake. Gari linakanyaga shimo au kiungo cha daraja, na ghafla magurudumu ya mbele yanaanza kupiga kulia na kushoto kwa nguvu kiasi cha usukani kutaka kumtoka dereva.

Likitokea, usukani ushikwe imara bila kupigana nao, vidole gumba vikiwa nje ya nguzo zake. Mguu uachie mafuta taratibu. Breki isikanyagwe kwa ghafla. Gari likishapunguza mwendo, mtikisiko huisha, na hapo lisogezwe pembeni.

Kosa linalofuata ni kununua shokapu mpya ya usukani na kuendelea na safari. Shokapu hiyo huficha ugonjwa, haiuponyi. Chanzo huwa ni mjumuiko: tairi lisilo sawa, bushi za ekseli zilizolika, kingpini zilizolegea, au alaimenti iliyoharibika baada ya kuinua gari. Gari lililofanya hivyo mara moja lisipakie abiria hadi chanzo kijulikane.

Kabla ya kununua matairi

Nusu ya matatizo haya huanzia dukani. Gari ambalo siku nyingi liko kwenye lami na vumbi la kawaida halihitaji tairi la matope. Tairi la mchanganyiko, lenye meno ya wastani, linatulia zaidi na bado linafika mbugani.

Herufi ya mwendo ubavuni isomwe: L ni mwisho kilomita 120 kwa saa, N ni 140, Q ni 160. Tarehe nayo isomwe, hasa kwa matairi ya mtumba. Tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ni wiki na mwaka. Ikiandikwa 2319, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Yakishafungwa, matairi yabadilishane nafasi kila kilomita 8,000 hadi 10,000, na la akiba liingizwe kwenye zamu kama ni la aina moja. Meno marefu huliwa upande mmoja haraka yakikaa mahali pamoja.

Kwa kifupi, mpangilio ni huu:

1. Osha ndani ya rimu.
2. Pima upepo wa baridi.
3. Safisha habu, kaza nati kwa kurukia.
4. Balansi ndani na nje, kisha uhakiki kwa kuzungusha nusu.
5. Pima uduara wa tairi na rimu.
6. Kagua beringi, bushi, maungio na shokapu.

Hatua tatu za kwanza zinaweza kumalizwa asubuhi moja nyumbani. Na kama mtetemo umeanza ghafla katikati ya safari, mpangilio huo hauna nafasi: gari lisimame pembeni, nati ziguswe moja moja kwa spana, na kila tairi lizungukwe kwa macho kutafuta uvimbe, kabla ya mtu yeyote kupanda tena.